Siku karafuu ya Pemba ilipokosa harufu

Ilikuwa Jumamosi moja ya Januari 2021, hapa East Ham, London. Nchi ilikuwa imefungwa, watoto hawaendi skuli, na mimi nilikuwa siku ya 10 tangu niambiwe nina korona. Homa ilishakwisha, kikohozi kimebaki kidogo, nikasema leo niwapikie wanangu wali wa nazi. Nikabandika sufuria, nikapunguza moto, nikakaa mezani hapo hapo jikoni kumsaidia mwanangu mdogo hesabu zake. Jiko lilikuwa mgongoni kwangu.

Binti yangu, wakati huo ana miaka 13, ndiye aliyeshuka ngazi mbio. "Mama, husikii harufu? Wali unaungua!"

Nikageuka. Moshi ulikuwa umeshatanda hadi dirishani na ukoko umekuwa mkaa. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye ile sufuria na sikusikia chochote.

Tulipokwisha kufungua madirisha, nilikwenda kabatini nikatoa kopo la karafuu. Mama yangu yuko Wete, Pemba, na kila anayekuja huku hupewa kifurushi aniletee. Karafuu zile ukifungua kifuniko tu, harufu inakufikia kabla hujainama. Nikachukua mbili, nikaziponda, nikazileta puani. Nikavuta pumzi. Hamna kitu. Ningevuta unga wa chaki ingekuwa ni hayo hayo.

Kilichonitisha ni kwamba pua yangu haikuziba. Matundu yote mawili yalikuwa safi, hewa inaingia na kutoka vizuri. Jioni nikampigia Mama. Baada ya shikamoo na marahaba, akaniuliza kama nimejifukiza. Nikamwambia, "Nimejifukiza, Mama, lakini pua haijaziba." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa kama mlango u wazi, mgeni kakwama wapi?"

Swali la Mama nimelibeba muda mrefu. Mimi si daktari, nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Lakini nimesoma, nimeuliza wauguzi na madaktari ninaokutana nao kazini, na leo nataka kuwaeleza wenzangu nilichokielewa. Najua si mimi peke yangu niliyepitia haya, na najua wengi wetu tuliambiwa tu "itarudi" bila kuelezwa imekwenda wapi.

Ufagio ulio ndani ya pua

Wengi tunadhani pua ni matundu mawili ya kupitishia hewa. Kumbe ndani yake kuna utando hai, wenye unyevu, ulioundwa na mamilioni ya seli zilizopangwa bega kwa bega kama watu kwenye safu ya sala.

Baadhi ya seli hizo kazi yao ni kutoa ute. Nyingine zina vinyweleo juu yake, kiasi cha 200 kwa kila seli, vidogo hata huwezi kuviona bila darubini. Vinyweleo hivyo vinapiga kwa pamoja, zaidi ya mara 10 kila sekunde, kuelekea upande wa koo. Vumbi, moshi na vijidudu tunavyovuta vinanasa kwenye ute, vinyweleo vinausukuma ule ute nyuma, nasi tunaumeza bila kujua. Tumboni asidi inamaliza kazi. Huu ni ufagio ambao haulali, usiku na mchana.

Sasa fikiria kirusi cha korona kimetua hapo. Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake, lazima kiingie ndani ya seli ya mtu. Ili kiingie kinahitaji pa kushika, na kinashika protini moja iliyo juu ya seli zetu, iitwayo ACE2. Mwili haukuiweka protini hiyo kwa ajili ya kirusi. Ina kazi zake nyingine, mojawapo kusaidia kurekebisha shinikizo la damu. Mwezi wa Aprili 2020 watafiti wa Taasisi ya Wellcome Sanger, iliyo karibu na Cambridge, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, walionesha kuwa seli za pua zinazotoa ute na zile zenye vinyweleo ni miongoni mwa zenye ACE2 kwa wingi. Ndiyo maana pua ikawa mlango mkubwa wa maradhi yale.

Kikishaingia, kirusi kinaiteka seli na kuilazimisha itengeneze nakala zake. Nakala zinatoka, zinaingia kwa jirani, na jirani naye anatekwa. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Paris walikitazama kirusi hicho kwenye seli za njia ya hewa za binadamu zilizooteshwa maabara, na mwaka 2021 wakaeleza kuwa seli zilizoambukizwa hupoteza vinyweleo vyake, na ute husita kusogea. Ufagio unapukutika chelewa na kubaki mpini.

Hili linaeleza jambo ambalo kila mama amelishuhudia, hata kwa mafua ya kawaida. Mtoto homa imekwisha, anacheza, lakini makamasi na kikohozi vinaendelea wiki ya pili, pengine ya tatu. Mara nyingi si ugonjwa mpya. Virusi vimeshaondoka, lakini ufagio haujaota chelewa mpya, na uchafu unabaki palepale mpaka utolewe kwa kukohoa na kupenga. Dawa za antibayotiki haziharakishi hilo, kwa sababu zinaua bakteria tu. Virusi haziviwezi.

Mgeni alipokwama

Katika mafua ya kawaida mwili unapambana kwa kutanua mishipa midogo ya damu ndani ya pua. Utando unavimba, majimaji yanamwagika, pua inaziba. Hapo ukikosa harufu sababu ni nyepesi: hewa haifiki kule juu harufu inakonuswa. Pua ikizibuka, harufu kwa kawaida hurudi. Hivyo ndivyo Mama alivyodhani, na ndiyo maana alianza na kufukiza.

Yangu haikuwa hivyo, wala haikuwa hivyo kwa wengi waliopata korona mwaka ule wa kwanza. Tarehe 18 Mei 2020 serikali ya Uingereza iliongeza kupoteza harufu na ladha kwenye orodha ya dalili rasmi, baada ya madaktari kuona wagonjwa wengi wasionusa kitu na pua zao ziko wazi.

Ili kuelewa, panda juu zaidi. Kwenye paa la pua, karibu na usawa wa macho, kuna kipande kidogo cha utando ambacho eneo lake halizidi sentimita chache za mraba. Hapo ndipo zilipo seli za neva za harufu. Ncha zake za chini zimelowa kwenye ute, na ncha za juu zinapenya matundu madogo ya mfupa hadi kwenye ubongo. Binadamu ana aina takriban 400 za vipokezi vya harufu. Linda Buck na Richard Axel, waliogundua jinsi vipokezi hivyo vilivyo mwaka 1991, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Mwanzoni watu waliogopa kwamba kirusi kinaua neva zenyewe, au kinapitia hapo kwenda ubongoni. Nami niliogopa hivyo. Nilikuwa naona wazee wangu kazini, nikijiuliza kama kichwa changu kimeguswa.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao walitoa jibu lililonipa nguvu. Walikuta kwamba zile neva za harufu hazina ACE2. Walio nayo ni majirani zake, seli zinazoitwa seli saidizi. Seli hizi zimezizunguka neva, zinazishikilia, zinazilisha, zinasafisha mazingira yake na kulinda uwiano wa chumvi kwenye ute. Baadaye, mwaka 2021, watafiti waliochunguza utando wa pua wa watu waliofariki na korona huko Ubelgiji waliona jambo hilo hilo: kirusi kilikuwa kwenye seli saidizi, si kwenye neva.

Ukitaka kuelewa, fikiria shughuli ya arusi ya kwetu. Wapiga taarabu wamekaa jukwaani, sauti wanazo, vyombo vipo. Lakini watu wa nyuma wote, wapishi, wabeba maji, wanaowasha taa, wameugua usiku mmoja. Hakuna mwimbaji aliyekufa, lakini shughuli imelala.

Na kuna la pili. Kinga ya mwili inapokuja kupigana na kirusi, ule mpambano wenyewe unazifanya neva zijifunge. Watafiti wa New York walieleza mwaka 2022 kwamba neva za harufu, ingawa hazikuambukizwa, zilipunguza sana kutengeneza vipokezi vyake. Yaani mwimbaji mwenyewe naye kanyamaza kwa zogo lililomzunguka.

Basi nilimpigia Mama nikamwambia, "Mgeni hakukwama mlangoni, Mama. Kaingia mpaka ndani, lakini wenyeji wa kumpokea wameanguka." Akasema, "Basi wauguze, mwanangu. Usimfukuze mgeni."

Kahawa iliyonuka takataka

Waliokuwa na bahati, seli saidizi zao ziliota upya haraka. Chini ya utando ule kuna seli shina ambazo kazi yao ni kuzaa seli mpya, za kusaidia na hata za neva. Neva za harufu ni miongoni mwa neva chache mwilini zinazojizalisha upya maisha yote. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kitabibu la BMJ ulikadiria kuwa kati ya watu 100 waliopoteza harufu, takriban 74 walipata nafuu ndani ya siku 30, takriban 90 ndani ya siku 90, na takriban 96 ndani ya miezi sita.

Mume wangu alikuwa katika wale 74. Wiki ya tatu alisimama mlangoni mwa jikoni akasema, "Leo umetia hiliki." Nilimfurahia, kisha nikaenda chooni nikalia.

Yangu ilianza kurudi mwezi wa Machi, na ilirudi imepinda. Nilichemsha kahawa asubuhi nikadhani kuna kitu kimeoza kwenye sinki. Kitunguu maji kikikaangwa kinanuka mpira uliochomwa. Kuku, kitunguu thomu, mayai, hata dawa ya meno, vyote vina harufu moja mbaya isiyo na jina. Daktari alinieleza kuwa neva mpya zinapoota si zote zinapata njia yake mara moja, na ubongo unapokea habari nusu nusu. Harufu moja huwa imejengwa na chembechembe nyingi. Ukipokea chache tu kati yake, kahawa haiwi kahawa.

Ramadhani mwaka ule ilianza katikati ya Aprili. Mnajua jikoni kwetu kunavyokuwa saa ya kukaribia magharibi. Nilipika sambusa, maharagwe ya nazi na tambi huku nimefunga kitambaa puani. Nilitia chumvi kwa kuhesabu vijiko, kwa sababu sikuwa naamini ulimi wangu. Ulimi wenyewe unajua tamu, chumvi, chachu, uchungu na ule utamu wa supu ya nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani tunapotafuna. Wenzangu wakifuturu, mimi nilikula tende, maziwa na ndizi, kisha basi.

Nikakonda. Wifi yangu akanong'ona kwamba nimekuwa na maringo, sili chakula cha watu. Mume wangu alipojitahidi kupika siku moja, nilisukuma sahani, naye akanyamaza usiku kucha. Binti yangu alidhani nimemkasirikia. Ugonjwa usioonekana huwatia watu maneno. Nilipoketi nao siku moja nikawaeleza habari ya wale wapishi wa arusi, mambo yakapungua. Mwanangu mdogo akawa ananiuliza kila siku, "Mama, wapishi wamerudi wangapi?"

Vichupa vinne

Daktari hakunipa dawa. Aliniambia kuna mazoezi. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha utafiti wa watu waliopoteza harufu. Waliwanusisha harufu nne, mara mbili kila siku, kwa wiki 12, na walionusa walipata maendeleo kuliko wasionusa. Aliponitajia zile harufu nne nikacheka peke yangu: waridi, mkaratusi, limau na karafuu.

Nikatafuta vichupa vinne vyenye vifuniko. Mafuta ya waridi na ya mkaratusi nilinunua Green Street, limau nilikwaruza ganda, na karafuu zilikuwa za Mama. Asubuhi kabla ya kazi na usiku kabla ya kulala, kila kichupa nilikinusa taratibu kwa sekunde kama 20, nikifikiria kile kitu. Kwa limau nilifikiria achari ya bibi yangu. Kwa karafuu nilifikiria majamvi yaliyoanikwa barabarani Wete, na sisi watoto tukifukuza mbuzi wasikanyage.

Sitaki kumdanganya mtu. Mazoezi haya si muujiza, na wapo waliofanya kwa bidii wasipate kitu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliotoka mwaka 2022, ulionesha kuwa kwa baadhi ya waliokaa muda mrefu bila harufu, askari wa kinga bado wamo kwenye utando ule ingawa kirusi hakionekani tena, na neva zimepungua. Mtu kama huyo si mvivu wa mazoezi. Lakini mazoezi hayana gharama kubwa wala madhara, na kwangu yalinipa kitu cha kufanya kila siku badala ya kungoja tu.

Wiki ya tisa, asubuhi moja, kichupa cha karafuu kilinichoma kidogo. Haikuwa harufu kamili, ilikuwa kama mtu kapita na kanga yake nje ya chumba. Nikakifunga, nikakifungua tena. Ilikuwepo.

Kwa aliye na mgonjwa nyumbani

Wako wenzetu hadi leo wanaopoteza harufu baada ya korona, homa ya mafua au mafua ya kawaida. Haya niliyojifunza huenda yakamfaa mmoja wenu.

Kwanza, usalama. Gesi ya majumbani hapa Uingereza haina harufu yake, hutiwa harufu makusudi ili mtu ashtuke ikivuja. Asiyenusa hashtuki. Hakikisheni king'ora cha moshi kinafanya kazi, na wekeni pia kile cha kaboni monoksaidi, maana hewa hiyo hata mwenye pua nzima hainusi. Maziwa na nyama tazameni tarehe, au mwulizeni mtoto anuse.

Pili, kufukiza. Najua sufuria ya maji ya moto na shuka kichwani ni dawa ya kwetu sote, lakini watoto wameungua vibaya kwa sufuria iliyopinduka, na mvuke hauui kirusi. Mtoto msimfukize. Mtu mzima anayetaka kusafisha pua anaweza kutumia maji ya chumvi, yaliyochemshwa kwanza kisha yakapoa. Mafuta ya karafuu au ya mkaratusi yasitiwe ndani ya pua; yananuswa kutoka kwenye chupa tu, nayo yawekwe mbali na watoto.

Tatu, mwendeeni daktari ikiwa harufu haijarudi baada ya wiki kadhaa, au ikiwa imepotea bila mafua yoyote, au pua inaziba upande mmoja tu, au inatoa damu mara kwa mara. Si kila kukosa harufu ni virusi.

Nne, chakula. Aliyepindwa na harufu mpeni vyakula vya baridi au vuguvugu, maana vya moto vinanuka zaidi. Msimlazimishe, wala msimwite mwenye maringo.

Wete, Agosti

Mwaka 2022 tulikwenda nyumbani, wakati wa msimu wa karafuu. Kutoka Chake kwenda Wete nilifungua dirisha la gari. Majamvi yalikuwa yameanikwa pembezoni mwa njia kama nilivyoyaacha, kahawia na mekundu, na harufu ikaingia. Haikuwa kali kama ninavyoikumbuka. Lakini ilikuwa ndiyo yenyewe, na sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Mama alitoka nje kunipokea. Nilipomwamkia aliitika, akanikumbatia, kisha akafungua ncha ya kanga yake. Alikuwa amefunga karafuu mbichi mbili, za kijani, zilizochumwa asubuhi ile. Akaziponda kwa kidole, akanisogezea puani, akanitazama usoni.

"Wamerudi?" akauliza.

Nikamwambia, "Wengi wao, Mama."

Kahawa bado haijawa kahawa, na kitunguu thomu nakitia kwa kuhesabu. Vichupa vyangu vinne viko dirishani, karibu na mswaki. Cha karafuu ndicho ninachokifungua mwisho.